Mikorosho ya Juu, Udongo wa Bondeni

Nilichaguliwa kuingia baraza la ardhi la kijiji kwa sababu sikuwa nimegombana na mtu. Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa mbele ya mkutano wa kijiji, na aliyeitaja ni kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma kabisa, helmeti ikiwa bado mkononi. Baraza letu lina watu saba, na kati yao watatu lazima wawe wanawake. Mmoja wa hao watatu alikuwa amehamia Lindi kumfuata mumewe, na nafasi yake ilikaa wazi miezi mingi kwa kuwa kila aliyetajwa alikataa. Kazi ya baraza haina malipo, na shauri likiisha unakuwa umepata adui mmoja, mara nyingine wawili.

"Yule binti pale ukutani," alisema kijana wa bodaboda. "Tangu azaliwe hajagombana na mtu."

"Atagombana vipi na hasemi?" mwingine akajibu, na watu wakacheka.

Mtendaji wa kijiji akaniuliza kama nakubali. Nilitaka kusema hapana. Lakini kusema hapana kulitaka nisimame, nipaze sauti, nitoe sababu, na mimi tangu darasa la kwanza nilikuwa najibu maswali huku nikitazama sakafu. Nikatazama sakafu. Mtendaji akaandika kwamba nimekubali.

Kijiji chetu kiko ndani, ukishaipita Kikole, upande wa vilima. Tunalima ufuta, mbaazi na mihogo, na wenye bahati wana mikorosho. Nyumbani tunasema Kimatumbi, ofisini Kiswahili. Mimi nilimaliza darasa la saba nikarudi shambani na mama. Kuandika naandika, lakini polepole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeshona kwa mkono. Shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi niko mstari wa tatu.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee aliyewahi kuwa karani wa ghala la korosho. Siku yangu ya kwanza alinitazama, akatazama daftari la baraza, akanisogezea.

"Wewe utaandika," alisema. "Mwandiko wangu siku hizi hata mimi mwenyewe siusomi."

"Mimi naandika polepole, mzee," nilimwambia.

"Ndiyo vizuri. Korosho nazo hazina haraka."

Sikuelewa korosho zinahusikaje. Baadaye nilizoea. Kila kitu kwake kilikuwa korosho.

Kisheria baraza la kijiji halihukumu. Kazi yetu ni kusuluhisha, na tukishindwa, shauri linapelekwa kata. Lakini kijijini wanatuita mahakimu, na mama yangu alianza kunitania jikoni, "Hakimu, geuza ugali." Nilikuwa nacheka naye. Ila nikikaa barazani niliona kwamba mtu akisikiliza watu wawili, hata kama hatakiwi kuhukumu, moyoni ameshaanza. Mimi nilikuwa naanza mapema mno. Yule aliyetangulia kuzungumza ndiye niliyemwamini.

Aliyenifumbua macho ni mama muuza vitumbua, mmoja wa wajumbe wanawake, anayekaa kushoto kwangu. Lilikuwa shauri langu la mwanzo mwanzo, la mpaka wa minyaa uliosogea. Tulipomaliza aliinama juu ya daftari langu.

"Mbona huyu wa kwanza ana kurasa mbili, na mwenzake nusu ukurasa?" aliuliza.

"Wa pili alisema haraka," nilijibu.

"Kwa hiyo anayesema haraka hana haki?"

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nilirudi nyumbani na swali hilo. Yule wa kwanza alisema taratibu, alinitazama kwa upole, akaniita mwanangu. Wa pili alikuwa na hasira na maneno yake yalibanana, na mimi nilichukua nilichoweza, mengine nikayaacha yapite. Kama shauri lingepelekwa kata, wao wangesoma daftari langu na kuona mtu mmoja mwenye maneno mengi na mwingine ambaye hakuwa na la kusema.

Kuanzia siku ile nilianza kuinua mkono wa kushoto. Mtu akienda mbio, nainua kiganja, ananyamaza, naandika mpaka nimalize, kisha nashusha. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kulima. Mara ya kwanza nilimwinulia mkono babu mmoja mwenye umri wa kuwa babu yangu, na nilisikia masikio yakiwaka moto. Babu alinyamaza. Nilipoushusha aliendelea, lakini hakuendelea pale alipokuwa. Alirudi nyuma na kurekebisha jambo alilokuwa amelisema vibaya. Nikaona hivyo mara nyingi baadaye. Mtu akisubirishwa kidogo, anayasikia maneno yake mwenyewe.

Basi nilikuwa nimeanza kujiona naijua kazi, ndipo likaja shauri la mfinyanzi na seremala.

Mfinyanzi ni mama mjane, jirani ya mama yangu, mtu wa kazi, mwenye mikono yenye udongo makunyanzini hata siku ya Idi. Vyungu vya nyumbani kwetu vyote vilitoka kwake. Seremala ni mwanamume wa makamo, anatengeneza vitanda na milango, mtu wa kuchagua maneno. Seremala ndiye aliyelalamika. Alisema shamba analolima mfinyanzi ni la marehemu baba yake, kwamba baba yake alimwazima tu mama wa mfinyanzi, na sasa, kwa kuwa wote wawili wameshafariki, anataka shamba lirudi.

Kwetu kuazimana shamba ni kawaida. Unaazimwa, unapanda ufuta, mtama, mbaazi, mihogo, vitu vya msimu. Mti hupandi. Ukipanda mkorosho katika shamba la kuazima umejitangaza kuwa mwenyewe, na aliyekuazima akikuona akanyamaza, amekubali. Hakuna mtoto wa kijiji chetu asiyelijua hilo.

Na shamba la mfinyanzi lilikuwa na mikorosho.

"Imejiotea," alisema seremala. "Watoto wanakula mabibo, wanatupa korosho, zinaota. Huyu hakupanda, wala mama yake hakupanda. Na mama yake alijua kwamba shamba si lake, ndiyo maana kila mavuno alileta kikapu cha mbaazi kwa baba. Nani analeta kikapu kwa mtu bila sababu?"

"Kikapu ni ujirani," alijibu mfinyanzi. "Nyie nanyi mlikuwa mnatuletea samaki wakavu. Mbona sidai kwamba nyumba yenu ni yangu?"

"Samaki wale waliletwa mara mbili."

"Kwa hiyo ulikuwa unahesabu, Fundi?"

Mwenyekiti aligonga meza kwa kidole. Nikainua mkono, wakanyamaza, nikaandika. Halafu mfinyanzi alisema kwa sauti ya chini zaidi, "Mwenyekiti, mimi nikiondolewa pale naondolewa na vyungu. Udongo wangu unatoka kule bondeni mwa shamba. Udongo wa sehemu nyingine unapasuka motoni. Nimejaribu." Hilo nililiandika vilevile, na nilipoliandika niligundua kwamba nalitilia mkazo kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Tukapanga kwenda kuona eneo.

Tulikwenda asubuhi ya Jumanne, mwenyekiti, mama muuza vitumbua, mimi, na wajumbe wengine wawili, pamoja na wahusika. Shamba lina sehemu mbili. Juu ni mteremko mwekundu wenye mikorosho mikubwa. Chini ni bonde jembamba lenye udongo wa kijivu, mashimo ya kuchimba, na mikorosho michache iliyosongamana. Mwenyekiti hakuuliza mtu kitu. Alisimama chini ya mkorosho wa kwanza wa juu, akaanza kupiga hatua mpaka wa pili, akihesabu kwa sauti. Akaenda wa tatu. Hatua zilikuwa karibu sawa. Akaniita.

"Simama hapa, funga jicho moja. Unaona miti mingapi?"

"Mmoja," nilisema. Ule wa mbele uliifunika yote ya nyuma yake.

"Andika ulichoona. Usiandike maana yake."

Tulishuka bondeni tukafanya vilevile, na kule hapakuwa na mstari. Mti mmoja hapa, miwili imegusana pale, mwingine umetokea ndani ya kichaka. Nikaandika na hilo.

Jua lilikuwa limepanda. Nyumba ya mfinyanzi iko pembeni ya shamba, na tulipopita, binti yake alikuwa ametandika mkeka na kuweka sinia la mihogo ya kuchemsha, na karanga za kutwanga, na birika la chai. Seremala alikuwa ametangulia, ameshafika njiani.

"Karibuni, mmetembea sana," alisema mfinyanzi.

Mwenyekiti alisema amefunga. Mama muuza vitumbua alishika shavu akasema jino. Wengine wawili waligundua ghafla kwamba wanatakiwa mahali. Mimi nilikuwa nyuma nikimalizia mstari, na nilipoinua kichwa mfinyanzi alikuwa mbele yangu na kipande cha muhogo juu ya kisahani, akitabasamu, na ni mtu niliyemwamkia shikamoo kila siku ya maisha yangu. Kukataa kunataka maneno. Sikuwa nayo. Nikapokea, nikala nimesimama, na nilipomaliza akanipa kingine.

Tulipofika barabarani mwenyekiti alinigeukia.

"Mtamu?" aliuliza.

"Mzee, na wewe leo hukufunga. Sunna ni Jumatatu na Alhamisi, leo ni Jumanne."

"Najua ni Jumanne," alisema. "Mungu anisamehe. Lakini mimi sina muhogo tumboni."

Kikao kilichofuata, kabla hata sijafungua daftari, seremala alisimama. Alikuwa ameniona. Alikuwa amegeuka njiani kutuangalia tumefikia wapi, akaniona na kisahani mkononi.

"Mwenyekiti, mwandishi wako ameshakula kwa mfinyanzi," alisema. "Sasa ataandika nini juu yangu?"

Mfinyanzi akaruka. "Muhogo ule ni wa njaa, si wa kesi. Wewe mwenyewe umekula kwangu mara ngapi?"

"Mimi siandiki daftari."

Kila mtu alinitazama. Nilitazama sakafu, na niliijua vizuri sana sakafu ile, ina ufa kama mto wenye matawi mawili. Mwenyekiti alimuuliza seremala anataka nini. Seremala alifikiri. Alisema hataki kumvunjia mtoto wa watu heshima, abaki, ila kwenye shauri hili asitie neno. Aandike tu, na kila ukurasa usomwe kwa sauti kabla ya kusaini. Mfinyanzi akakubali. Kikao kikaahirishwa wiki moja.

Jioni ile nilimwendea mwenyekiti nyumbani kwake kumwambia nataka kutoka barazani. Alikuwa amekaa kibarazani anamenya mbaazi. Nilimwambia kwamba sikula kwa sababu nampenda mfinyanzi. Nilikula kwa sababu nilishindwa kusema hapana.

"Nakuamini," alisema. "Lakini seremala atajuaje? Yeye aliona muhogo umetoka mkono ule ukaingia mdomo huu. Kilichokuwa moyoni mwako hakuona."

Nikavuta kigoda. Nikasaidia kumenya. Nilipofika bakuli la pili ndipo lilinijia, na sikulipanga, lilitoka tu.

"Basi na kikapu, mzee."

"Kikapu kipi?"

"Cha mbaazi. Mama wa mfinyanzi alipeleka kikapu kila mavuno. Sote tulikichukua kama ushahidi. Lakini kikapu nacho kimeonekana kikitoka nyumba hii kwenda ile. Hatujui alikipeleka kwa nini. Labda ni kodi ya shamba. Labda naye alishindwa kutopeleka."

Mwenyekiti aliacha mikono yake ndani ya maganda.

"Hilo ulitakiwa kulisema barazani," alisema.

"Nimekatazwa kutia neno."

"Wiki zote zilizopita hukukatazwa."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaniuliza, kama kikapu hakitusaidii, tuulize nini. Nikasema tutafute aliyeona miti ikipandwa, au aliyeona haikupandwa. Hakusema nimepata wala nimekosa. Alisema tu kwamba kutoka barazani si shauri langu peke yangu, wahusika wamekubali nibaki, na niende nyumbani kabla mama hajaanza kuniulizia.

Wiki iliyofuata, mwenyekiti aliuliza kama yuko mtu hai aliyekuwepo siku za kwanza za shamba lile. Mfinyanzi alisema yuko, mama yake mdogo, mdogo wa mama yake. Ni mzee sana, anaishi Mitwero, pembeni ya Lindi, kwa mwanawe. Hawezi kusafiri lakini akili yake ni nzima. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyekumbuka pesa kwenye mfuko wa gauni la zamani. Seremala akasema anamfahamu, anamheshimu, apigiwe.

Simu ya mwenyekiti haikuwa na chaji. Simu yangu ilikuwa na chaji, lakini ni ndogo, ya tochi, na spika yake ilishakufa, kwa hiyo anayesikia ni yule tu aliyeiweka sikioni. Mwenyekiti alijaribu kwanza. Alisalimia, akasalimiwa, akasalimia tena, akasema "Eee?" mara nne, akatuambia kwamba bibi anasema kwa mbali sana. Ukweli ni kwamba mwenyekiti masikio yake yamechoka, ila hapendi litajwe.

"Mpe mwingine," alisema mjumbe mmoja.

Seremala alinyoosha kidole kwangu.

"Mpeni huyohuyo," alisema. "Asikilize, aseme anachosikia kama kilivyo. Tuone muhogo una nguvu kiasi gani."

Watu walicheka kidogo. Nikachukua simu, nikasimama karibu na dirisha ambapo mtandao unapatikana. Bibi alinisalimia upya. Alitaka kujua mimi ni mtoto wa nani, mama yangu hajambo, kisima cha msikitini kina maji, na nani amefariki tangu aondoke. Nilimtajia wawili. Mwenyekiti alinong'ona kwamba vocha inaisha.

Nikauliza swali la mwenyekiti, nani alipanda mikorosho ya juu.

Bibi alijibu kwa Kimatumbi kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili, na mimi nikawa nasema kwa sauti kila anachomaliza. "Anasema alipanda dada yake. Anasema yeye mwenyewe alishika kamba. Walinyoosha kamba kutoka mti hadi mti ili mstari usipinde. Anasema baba wa seremala alipita na jembe begani, akawatania kwamba kamba imelegea."

 Mfinyanzi aliweka viganja vyake viwili juu ya magoti, na uso wake ulifunguka. Seremala alitazama mikono yake.

Nikauliza la pili. Na bondeni?

Bibi alikohoa. Halafu akasema, bila kusita, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake, kwamba bondeni siyo kwao. Bondeni dada yake aliomba kwa baba wa seremala, akaruhusiwa kulima mboga na kuchimba udongo wa vyungu. Juu kwetu, alisema. Bondeni tuliazimwa.

Niliibana simu sikioni.

Mfinyanzi alikuwa ananitazama. Bado alikuwa na ule uso uliofunguka, akisubiri jibu la pili liwe kama la kwanza. Hakuna aliyekuwa amesikia isipokuwa mimi. Mtandao wa kwetu unakatika kila siku, na kama ningesema umekatika hakuna ambaye angenishangaa. Nilifikiri juu ya udongo unaopasuka motoni. Nilifikiri juu ya mama yangu na vyungu vyake. Sikufikiri kuhusu haki, kusema kweli. Kilichonijia ni ile nusu ukurasa ya mtu aliyesema haraka, na mama muuza vitumbua aliyekuwa ameinama juu yake.

"Upo, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Nipo, bibi," nilijibu. Nikainua kichwa. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Anasema bondeni siyo kwao. Anasema dada yake aliomba kwa baba wa seremala, akaruhusiwa kulima mboga na kuchimba udongo. Anasema, juu kwetu, bondeni tuliazimwa."

Sikumtazama mfinyanzi. Nilimshukuru bibi, nikamwambia salamu zitafika, simu ikakata yenyewe. Nikarudi kwenye kiti changu nikaanza kuandika, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba naandika polepole, kwa sababu nilikuwa na sababu ya kuinamisha kichwa.

"Mama mdogo amezeeka," alisema mfinyanzi hatimaye.

"Amezeeka," alikubali mwenyekiti. "Bi Mfinyanzi, tukimkataa kwa neno la bondeni, tumkatae na kwa neno la kamba?"

Mfinyanzi alifuta udongo kwenye kidole. Mimi nilikuwa bado naandika, na wote walikuwa wakisubiri kalamu yangu, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kufikiri. Aliitumia yote.

"Kamba alishika kweli," alisema. "Mama alinisimulia."

Mwenyekiti akamgeukia seremala. Seremala aliangalia dirishani. Alisema alikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini anakumbuka kamba ya katani ikiwa imefungwa kwenye kigingi, na yeye akaikwaa na kuanguka. Alikuwa ameisahau mpaka leo. "Baba aliona miti," alisema. "Hakusema kitu. Basi juu siwezi kudai."

"Na kikapu?" aliuliza mama muuza vitumbua.

"Labda kilikuwa cha bondeni," alisema seremala. "Labda cha ujirani. Waliokuwa wanajua wameshakufa."

Hivyo ndivyo walivyopatana. Juu, mpaka mti wa mwisho wa mstari, ni kwa mfinyanzi. Bonde ni la seremala. Nilisoma kila ukurasa kwa sauti, kama tulivyokubaliana, na hakuna aliyeniinulia mkono. Seremala alisaini. Mfinyanzi alitia dole gumba, na aliliacha juu ya karatasi muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akatoka nje bila kuaga. Kwa upande wangu aliupita uso wangu kama mtu anayepita ukuta.

Wajumbe waliondoka. Nilibaki kumalizia tarehe na majina ya waliohudhuria. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake ndipo njia inapopita, na nyumba zao mbili ziko upande mmoja, kwa hiyo hata wakikasirika hutembea njia moja. Niliwasikia wamesimama.

"Fundi," alisema mfinyanzi.

"Nasikiliza."

"Naomba udongo."

Nilisikia kiatu cha seremala kikikwaruza changarawe. Nilijua ni vigumu kiasi gani kwake. Miaka yote ameuchimba kama mtu anayechota maji kwenye mtungi wake.

"Chimba," alisema seremala. "Ila usikate mizizi ya ile miti. Na yale mashimo ya zamani uyafukie, ng'ombe wa watu watavunjika miguu."

"Nitayafukia."

"Utachimba kiangazi chote?" aliuliza seremala.

"Kila kiangazi," alisema mfinyanzi. "Siyo hiki tu. Nisije kuomba kila mwaka kama mtoto."

"Haya. Kila kiangazi."

Nikasikia viatu vya seremala vikienda. Vya mfinyanzi havikwenda. Kichwa chake kilitokea dirishani, kitambaa kimeteleza kidogo, macho mekundu.

"Umemaliza kuandika?" aliniuliza.

"Bado, mama."

"Basi andika na hilo la udongo. Kila kiangazi. Kabla hajafika kwake akabadili mawazo."

Nikasema siwezi kuandika seremala akiwa hayupo. Nilisema bila kutazama sakafu, na aliudhika, nikaona ameudhika, na sikuyarudisha maneno. Alinitazama kidogo, akasonya, kisha akageuka, akaweka mikono mdomoni na kumwita seremala kwa nguvu mpaka mbuzi wa shule wakakimbia. Seremala alisimama mbali njiani. Alisimama muda. Halafu nikamwona anarudi.

Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akivaa viatu vyake, alivivua tena na kuingia ndani. Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika kwamba mwenye bonde amemruhusu mfinyanzi kuchimba udongo wa vyungu kila kiangazi, bila kukata mizizi, na kwamba mfinyanzi atafukia mashimo. Wote wawili walisimama juu yangu wakifuata kalamu, yeye asiyejua kusoma na yeye anayejua, na nilipofika neno mashimo seremala akasema, "Ya zamani na mapya."

"Ya zamani na mapya," alisema mfinyanzi. "Andika."